Gari Lisilo na Dereva na Dereva Asiyepata Usingizi

Mwezi Juni mwaka 2022 tulikuwa Nyandira kwa kazi ya kukagua madarasa ya kisomo. Tulipomaliza, gari la abiria lilikuwa limekwisha kuondoka, na kesho yake asubuhi tulitakiwa tuwe Morogoro mjini. Tukaomba nafasi kwenye lori la kabichi. Kupanda juu ya mzigo ni kosa, na sisi walimu tulilijua hilo vizuri. Lakini tulipanda. Nani katika Mgeta hajapanda?

Lori liliondoka saa nne ya usiku. Ukungu ulikuwa mzito na barabara ilikuwa na utelezi. Dereva alikuwa amefika asubuhi ileile kutoka Dar es Salaam. Mchana kutwa alikuwa akizunguka kupakia, shamba hili magunia kumi, shamba lile matenga sita. Hakulala. Ilimpasa afike sokoni Dar es Salaam kabla ya alfajiri, maana kabichi inayofika saa mbili asubuhi bei yake siyo ile ya saa kumi ya usiku.

Tulipokwisha kupita Langali tukaanza kuteremka. Utingo alikuwa ndani pamoja na dereva, akimpigia hadithi kwa sauti ya juu ili asisinzie. Sisi kule juu tulizisikia hadithi zile, tukacheka. Halafu hadithi zikakoma. Kumbe utingo naye alikuwa amesinzia. Mbele kulikuwa na kona, lakini lori halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja, tairi za mbele zikaingia mtaroni upande wa mlima. Kama lingekwenda upande wa pili, upande wa korongo, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Mama mmoja, mchuuzi wa njegere, alivunjika mkono. Sisi wengine tulichubuka tu. Kabichi zilibingirika njia nzima, hata kulipokucha watu walikuwa bado wanaziokota. Tulipomwuliza dereva kumetokea nini, alitujibu hivi: "Kona niliiona, walimu. Lakini niliiona ndotoni."

Tumeanza na habari hii kwa sababu ya swali tuliloulizwa darasani.

Kijana na simu yake

Katika darasa letu moja la Mgeta, kijana alikuja na simu yenye picha za sinema. Alituonyesha gari dogo jeupe likitembea katika mji wa Marekani. Limebeba abiria kiti cha nyuma. Kiti cha mbele hakuna mtu. Usukani unazunguka wenyewe, gari linasimama penye taa nyekundu, linaondoka, linakata kona. Darasa zima lilisimama kuangalia.

Mama mmoja akauliza: "Sasa hapo nani anashika breki?" Mwingine akauliza: "Likimgonga mtoto wangu, nimshike nani?" Mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo kwa miaka mingi akasema: "Mimi ningepanda hilo bila wasiwasi. Dereva wangu alikuwa analala, tena alikuwa anakunywa." Watu wakacheka. Lakini yule mzee alikuwa hacheki.

Basi tukaahidi kwamba tutaliandika jambo hili. Je, gari linalojiendesha ni salama kuliko gari linaloendeshwa na mtu? Jibu la haraka lipo, ila jibu la haraka halitatusaidia. Tuliangalie polepole.

Gari linajifunzaje?

Magari haya yapo kweli. Siyo hadithi. Kampuni ya Waymo ilianza kubeba abiria wa kawaida bila dereva mwezi Oktoba 2020, katika eneo la mji wa Phoenix, Marekani. Baadaye yakafika San Francisco, Los Angeles na miji mingine. Yapo pia China, na yapo Abu Dhabi.

Gari la namna hii lina kamera pande zote. Lina rada, yaani chombo kinachopeleka mawimbi na kuyapokea yanaporudi, ili lijue kitu kiko mbali kiasi gani. Lina pia chombo cha kupima kwa mwanga, ambacho kinafanya kazi hata gizani. Ndani kuna kompyuta inayopokea habari zote hizo na kuamua: piga breki, ongeza mwendo, kata kulia. Aidha, gari lina ramani ya mji, mtaa kwa mtaa. Likikwama kabisa, linauliza watu walioko ofisini mbali, nao wanalielekeza.

Lakini kamera kuona siyo sawasawa na kujua. Ninyi wasomaji wetu mnalielewa jambo hili kuliko wataalamu wengi. Kabla hamjaingia kisomo, macho yenu yalikuwa yanaiona herufi "B" kila siku, kwenye mfuko wa mbolea na kwenye ubao wa duka. Mliiona, lakini hamkuijua. Ilibidi mwalimu aionyeshe kwa kidole aseme: hii ni "B". Kesho tena, na kesho kutwa tena.

Gari nalo linafundishwa hivyohivyo. Linaonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, na katika kila picha kuna mtu aliyekwisha kuchora mstari kuzunguka kila kitu na kukiandikia jina: huyu ni mtu, hii ni baiskeli, huu ni mti, hiki ni kibao cha barabarani.

Je, nani anachora mistari hiyo? Hapa ndipo tunapokutana na ndugu zetu. Mwaka 2018 shirika la habari la BBC lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, wengine wakitoka Kibera, walivyokuwa wakifanya kazi hiyo katika kampuni iitwayo Samasource. Walikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima wakichora mistari kuzunguka watu, magari na alama za barabara katika picha, na ujira wao ulikuwa kama dola 9 kwa siku. Kwa hiyo yule anayepanda gari la bila dereva huko ng'ambo huenda anaendeshwa na kisomo kilichofundishwa Nairobi. Sisi walimu wa watu wazima habari hii ilitufurahisha, ingawa ule ujira haukutufurahisha.

Siku gari lilipokosea kusoma

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga mwanamke mmoja aliyekuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Akafa. Huyu ndiye mtu wa kwanza anayetembea kwa miguu kuuawa na gari linalojiendesha.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walilifungua lile gari na kusoma kumbukumbu zake. Walikuta kwamba gari lilikuwa limemwona yule mama zaidi ya nukta tano kabla ya kumgonga. Nukta tano ni muda wa kutosha. Hesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwa nini halikusimama?

Halikumjua. Kwanza liliona kwamba ni gari. Halafu likasema hapana, ni kitu kingine tu. Halafu likasema ni baiskeli. Kila lilipobadilisha jina, lilianza upya kukisia anakwenda wapi. Tena watengenezaji hawakulifundisha kwamba mtu anaweza kuvuka barabara mahali pasipo na kivuko. Mnakumbuka mlivyokuwa mkisoma kwa kusitasita, "ba... ba-ra... ba-ra-ba...", na mwalimu anakusubiri? Gari lile lilikuwa linasoma hivyo, ila barabara haimsubiri mtu.

Ndani ya gari alikuwamo mtu. Kazi yake ilikuwa kulinda, apige breki gari likikosea. Wachunguzi walikuta kwamba alikuwa anatazama simu yake. Ndiyo maana hatutaki kusema kwamba ajali ile ilikuwa ya mashine peke yake. Mashine ilikosea, mlinzi hakuwa macho, na waliowatuma wote wawili hawakujiandaa.

Na lile swali la mama, "nimshike nani?" Katika kesi ya Tempe, kampuni haikushitakiwa kwa jinai. Aliyeshitakiwa ni yule mlinzi, na mwaka 2023 alikiri kosa, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Tarehe 2 Oktoba 2023, huko San Francisco, mtu mmoja aligongwa na gari lililoendeshwa na binadamu, akarushwa mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise. Gari hilo nalo lilimgonga, likasimama, kisha likaondoka kwenda kando ya barabara huku likimburuta kama mita 6, maana halikujua kwamba yuko chini yake. Dereva yeyote angesikia makelele ya watu. Baadaye ilionekana kwamba kampuni haikuieleza serikali ukweli wote. Jimbo la California liliinyang'anya kibali cha kuendesha magari bila dereva, na mwezi Desemba 2024 wenye kampuni wakaiacha biashara hiyo ya teksi. Kwa hiyo wa kushikwa anaweza kupatikana, ila inahitaji serikali yenye wataalamu wanaoweza kulifungua gari na kulisoma. Bila hivyo, mama, utakayemshika ni bonge la chuma tu.

Hesabu ya mbuzi

Mpaka hapa unaweza kusema: basi, magari hayo ni hatari. Ngoja kwanza. Hebu tufanye hesabu, maana tulijifunza hesabu ili tuitumie.

Jirani mmoja ana mbuzi wa maziwa 5, na mwaka huu amekufa 1. Jirani mwingine ana mbuzi 60, na wamekufa 3. Nani anatunza mbuzi vizuri zaidi? Ukihesabu waliokufa tu, utasema wa kwanza, maana 1 ni ndogo kuliko 3. Lakini wa kwanza amepoteza mbuzi mmoja katika kila watano. Wa pili amepoteza mmoja katika kila ishirini. Kumbe wa pili ndiye mfugaji hodari.

Ajali nazo zihesabiwe hivyo. Usiulize tu "zimetokea ajali ngapi?" Uliza pia "katika kilometa ngapi?"

Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya magari ya Waymo. Yalikuwa yamekwenda bila dereva maili milioni 56.7, yaani kilometa kama milioni 91. Wataalamu waliyalinganisha na madereva wa kawaida wa miji ileile kwa mwendo uleule. Waliona kwamba mahali ambapo madereva wa kawaida wangepata ajali 100 za kuumiza watu vibaya, magari haya yalipata kama 15. Na kwa watembea kwa miguu walioumizwa, penye ajali 100 za madereva, magari haya yalipata kama 8.

Hiyo siyo tofauti ndogo. Tukisema kweli, ilitushangaza. Sababu zake siyo uchawi. Gari hilo halinywi pombe. Halisinzii. Halishindani na mwenzake. Halipokei simu. Linatazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Na mwendo wake haupandi kwa sababu abiria amesema "ongeza moto, dereva".

Lakini nani alishika mizani?

Wakulima wa Mgeta mnaijua lumbesa. Mnajua gunia linavyojazwa mpaka linaota kichwa, na mnunuzi analiita gunia moja. Kwa hiyo kila mtu anapokuletea vipimo, wewe uliza: nani alishika mizani?

Hesabu tuliyoitaja ilifanywa na wataalamu wa kampuni yenyewe ya Waymo. Ilipitiwa na wataalamu wengine na kuchapishwa katika jarida la kitaalamu, na hilo ni jambo zuri, maana wengine wanaweza kuikagua. Hata hivyo, mwenye gunia ndiye aliyepima.

Jambo la pili ni vifo. Mwaka 2023 walikufa watu 40,901 katika barabara za Marekani. Ukigawanya kwa mwendo wa magari yote ya nchi ile, ni kifo kimoja kwa kila kilometa milioni 128 hivi. Sasa angalia: magari ya Waymo katika hesabu ile yalikuwa yamekwenda kilometa milioni 91 tu, hayajafika hata mwendo wa kifo kimoja cha madereva wa kawaida! Mwaka huohuo wa 2025 yalipita kilometa milioni 200, na hapo madereva wa kawaida wangeua mtu mmoja au wawili. Idadi ndogo hivyo haitoshi kupima. Ni kama kupima mvua ya mwaka mzima kwa kuangalia siku mbili. Kwa majeruhi, tunaweza kusema magari hayo yanafanya vizuri. Kwa vifo, tusubiri.

Jambo la tatu ndilo kubwa kwetu. Yamefanya vizuri wapi? Katika miji yenye lami, mistari ya barabara, taa na vibao, na yenye ramani ya kila mtaa. Hata huko, tarehe 20 Desemba 2025, umeme ulikatika sehemu kubwa ya San Francisco na taa za barabarani zikazimika. Magari mengi ya Waymo yakasimama katikati ya njia panda yasijue la kufanya, mpaka kampuni ikasimamisha kazi kwa muda. Madereva wa kawaida walionyeshana ishara kwa mkono wakapita. Sisi ambao umeme unakatika bila taarifa tunaweza kutabasamu kidogo.

Barabara yetu

Hebu sasa tulichukue gari hilo mpaka Sangasanga, mahali ambapo barabara yetu inaachana na ile kubwa ya Iringa. Linapita Mzumbe. Linapita Mlali. Kisha mlima unaanza.

Sasa ni kona baada ya kona. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde. Mvua ya masika imechukua kipande cha barabara, na njia ya jana siyo ya leo, kwa hiyo ramani imekwisha kuwa ya uongo. Hakuna mstari mweupe wa kufuata. Ukungu unashuka saa tisa mchana. Mbele anakuja mama amejitwika tenga la kabichi, anatembea katikati kwa sababu kando kuna tope. Kompyuta itamwita nani huyo? Mtu? Mti? Nyuma yake watoto wa shule wanasukumana. Mbuzi anaruka kutoka kwenye matuta ya juu. Bodaboda inateremka imezima injini ili kuokoa petroli, haina mlio, imebeba magunia mawili na mtu.

Dereva wa Mgeta anayajua haya yote. Anajua kona ya kupigia honi kabla hajafika. Anajua daraja linaloteleza. Anateremka kwa gia ndogo ili breki zisipate moto, maana breki zikipata moto hazishiki. Akikutana na lori linalopanda, anajua nani arudi nyuma, na wanaelewana kwa kuwashiana taa. Elimu hii haimo katika picha za Phoenix. Katika barabara yetu gari lile bado halijui kusoma.

Tena kuna hatari ambazo hata dereva mwenye akili ya malaika hawezi kuziondoa. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na tatizo la breki ilirudi nyuma mlimani ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 wakafa. Ukiweka kompyuta hodari katika Fuso lenye breki mbovu, utakuwa na kompyuta hodari korongoni.

Madereva wetu tusiwasifu mno

Baada ya kusema hayo, tusije tukajisifu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 walikufa watu kama milioni 1.19 kwa ajali za barabarani duniani. Katika kila 100 waliokufa, 92 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu, ingawa nchi hizo zina kama magari 60 tu katika kila 100 ya dunia. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Yaani ni sisi.

Sisi wa Mvomero hatuhitaji kukumbushwa. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali ya gari karibu na Dakawa, katika ardhi ambayo leo ni wilaya yetu. Barabara haibagui cheo.

Kwa hiyo swali la yule mzee wa zamani wa utingo lilikuwa la maana sana. Dereva bora akiwa amelala vizuri ni bora kuliko mashine katika milima ya Uluguru. Lakini je, dereva wetu amelala vizuri? Tukilinganisha mashine na dereva, tulinganishe na dereva tuliye naye kweli saa nane za usiku, siyo yule tunayemtamani.

Tena ipo njia ya katikati, na tayari imo nchini. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Treni ile ina dereva. Lakini pia ina mtambo unaojua mwendo unaoruhusiwa, na dereva akipita ishara ya kusimama mtambo unafunga breki wenyewe. Mtu anaendesha, mashine inamlinda. Mtakumbuka kwamba kule Tempe ilikuwa kinyume, mashine inaendesha na mtu analinda, na mlinzi akachoka kulinda. Binadamu ukimkalisha bure amwangalie mwingine anafanya kazi, atasinzia. Utingo wetu alisinzia hivyohivyo.

Mabasi ya mikoani nayo yana chombo cha kufuatilia mwendo. Basi halitakiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na likizidisha, taarifa inafika kwa mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA. Kuna pia kitufe cha dereva, kila dereva na chake, ili ijulikane nani ameshika usukani na tangu saa ngapi. Mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, vyombo hivi vilizidi kuwa na maana. Lori la kabichi lililotubeba sisi halikuwa na chombo chochote. Lilikuwa na utingo na hadithi zake.

Darasa lilivyoamua

Tuliporudi darasani na habari hizi, yule mama wa njegere alikuwapo. Mkono wake umepona, ila haunyooki vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi dereva yule simlaumu. Mzigo ulikuwa wetu. Sisi ndio tulimwambia tusipofika alfajiri tumekula hasara."

Pakawa kimya. Halafu mabishano yakaanza, tena makali. Wengine walisema lori liwe na madereva wawili. Wenye mboga wakauliza nani atamlipa wa pili, bei yenyewe ndiyo hii. Wengine wakasema dereva aliyefika asubuhi asiondoke usiku huohuo, apumzike, mzigo upakiwe kesho. Wachuuzi wakakataa, kabichi zitanyauka. Kijana mwenye simu akasema ngojeni, magari ya bila dereva yatakuja. Akajibiwa na kijana mwenzake wa bodaboda: "Yakija, wewe na mimi tutalima matuta ya nani?" Swali hilo nalo hatukulimaliza.

Walikubaliana jambo moja tu. Kabla ya kupakia, kila kikundi cha wakulima kitamwuliza dereva saa aliyoondoka Dar es Salaam na saa aliyolala, na kuandika katika daftari la mizigo, kwa kalamu, mbele yake. Daftari hilo limeanza. Tumeliona. Katika ukurasa wa kwanza, kwenye nafasi ya "saa alizolala", wameandika sifuri mara nne.

Zoezi la kikundi

1. Malori ya kijiji kimoja yamefanya safari 400 na kuanguka mara 2. Malori ya kijiji kingine yamefanya safari 50 na kuanguka mara 1. Kijiji gani kina safari salama zaidi? Andikeni hesabu yote, siyo jibu tu.

2. Taja mambo matatu ambayo dereva wa njia ya Mgeta anayajua, na ambayo hayawezi kuonekana katika picha.

3. Lori limefika kijijini kwenu leo asubuhi kutoka Dar es Salaam, na linataka kuondoka usiku huu na mzigo wenu. Nani ana haki ya kumwambia dereva alale kwanza: mwenye lori, mwenye kabichi, au abiria? Na nani atalipa hasara ya siku moja?